Mkubwa Hula Mwisho

Kama umefika hapa kwa sababu una uvimbe shingoni na bado hujamwambia mtu, acha kusoma. Nenda kamwambie mtu, mkeo, mumeo, jirani, hata dereva wa basi, kisha urudi. Nitakusubiri. Kusubiri nimefundishwa na jeshi, tena kwa mshahara.

Mimi ni Athumani, mtoto wa Tanga, mkazi wa Rexdale hapa Toronto, ghorofa ya kumi na moja. Bahati nasibu ya viza ilinitoa nyumbani nikiwa na miaka ishirini na mbili, ikanitua Marekani, na kabla sijajua hata kuvaa koti la baridi nikawa nimejiandikisha jeshi la Marini. Marini si mabaharia. Nasema mapema kwa sababu kila shangazi niliye naye ameniuliza kama nilikuwa navua samaki. Ni wapiganaji wa nchi kavu wanaopelekwa kwa meli na ndege kwenda kupigana nchi za watu. Nilipelekwa mara tatu, Iraki mara mbili na Afghanistani mara moja, kila safari miezi saba, na nikarudi na vidole vyangu vyote kumi. Kilichokaribia kuniua kilinikuta nimeshavua gwanda, naendesha foklifti kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege.

Lazima nikueleze jambo moja la jeshi, maana bila hilo hutaelewa nilivyojiroga mwenyewe. Kwetu mkubwa hula mwisho. Ndio utaratibu, hakuna anayeuliza kwa nini. Kule Anbar, Iraki, chakula kililetwa kwenye makasha yanayotunza joto, leo wali na maharage, kesho nyama ambayo hakuna aliyejua ni ya mnyama gani. Foleni ilipangwa kwa cheo, lakini kinyumenyume: aliyeingia jeshini jana anatangulia, koplo anafuata, sajenti anasimama nyuma yao wote. Mimi nilikuwa sajenti mwenye watu tisa chini yangu. Siku moja jua lilikuwa kali mpaka chuma cha bunduki hakishikiki, nikafika kwenye kasha nikakuta mchuzi tu umebaki chini. Nikauchovya na mkate, nikala nimesimama, nawatazama wote tisa wanatafuna. Wallahi sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na tangu siku hiyo sikukaa tena mezani kabla ya watu wangu.

Utaratibu wa pili haukuandikwa popote: mwanamume haendi zahanati. Kila asubuhi niliuliza, "Nani mgonjwa?" Kila asubuhi walinijibu kwa kelele kwamba hakuna. Aliyekwenda zahanati mara mbili kwa wiki alipewa jina, na jina lenyewe halitamkiki mbele ya wakwe. Mmoja wao, Pruitt, alificha homa mpaka akaanguka kutoka kwenye bunduki ya juu ya gari tukiwa barabarani. Nilimfokea palepale kwenye machela: "Anayeficha homa anatuua wote!" Asubuhi iliyofuata nikauliza tena nani mgonjwa, na mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa naharisha damu siku ya tatu. Sikunyoosha mkono.

Kambini kulikuwa na shimo la kuchomea taka, kila kitu kinaingia humo, matairi, betri, dawa, vinyesi. Moshi wake tuliuvuta kutwa. Madaktari wa Toronto waliniuliza habari za moshi huo, wakaandika. Hawakusema ndio, hawakusema sio, na mimi sikuwabana.

Mke wangu Mwanaidi nilimpata harusini, hapahapa Toronto, nikiwa likizo baada ya safari ya kwanza. Mtanga mwenzangu, mpangaji wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, mdomo kama wembe. Binti yetu Zainabu alizaliwa nikiwa Iraki mara ya pili. Nilimwona kwanza kwenye kompyuta ya kambi, picha inakwama kila dakika, na nilipokuja kumshika ana miezi mitano alinitazama usoni akalia mpaka akatapika. Baada ya Afghanistani nikasema basi, nikahamia kwao. Mama yake Mwanaidi, Bi Mwantumu, alikuwa ameshakuja kumlea mjukuu, na hakurudi tena.

Bi Mwantumu ni mtu wa mila hasa. Kwetu, kwa wazee wa aina yake, mkwe mume na mama mkwe hawakai wakala wakitazamana. Nikiingia sebuleni anavuta kanga. Nikivuta kiti mezani anakumbuka ana nguo za kukunja chumbani. Miaka yote ile tuliishi nyumba ya vyumba viwili tukipishana kwa "shikamoo mama" na "marahaba mkwe", na hakuna aliyeona tabu. Wao watatu walikula kwanza, wakaondoka mezani, ndipo mimi nikaingia jikoni na sahani yangu peke yangu. Mwanaidi aliamini ni jeshi. Mama yake aliamini ni heshima. Wote wawili walikuwa sahihi, na wote wawili walinisifu. Bi Mwantumu aliwapigia wenzake simu Tanga akijisifu, "Mimi nina mkwe jamani, hana mfano!"

Sasa sikiliza jinsi sifa zilivyotaka kunimaliza.

Ilikuwa Ramadhani ya katikati ya kiangazi, zile saumu ndefu za huku ambazo jua halitaki kuzama. Siku ya kwanza nilifungua kwa tende, na tende ikakwama. Nikanywa maji, ikashuka kwa shida. Kesho yake hivyo hivyo. Nilipojipapasa chini ya taya, upande wa kulia, nikakuta kitu kigumu, mfano wa kokwa. Hakiumi. Nikajiambia ni tezi, nikajiambia ni saumu. Idi ikapita, majani yakawa mekundu, theluji ikaanguka, kokwa ikawa ndimu. Nilifuga ndevu, nikavaa skafu ndani ya nyumba. Nilikunywa uji wa dukani njiani kwenda kazini, na jioni, watu wakishaondoka mezani, nilikifunga chakula cha mama mkwe kwenye mfuko, fundo la kijeshi, nikakitupa kwenye bomba la takataka la korido. Nikaosha sahani, nikasema alhamdulillahi kwa sauti ili wasikie. Miezi saba. Mwanaidi akinigusa mbavu namwambia nimeanza mazoezi.

Siku ya kukamatwa ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili. Bomba la takataka lilikuwa limeziba tangu Jumatano, watu wanaacha mifuko chini kwenye kijichumba chake. Mimi ghala lilinichosha, sikufikiria, nikaiacha mifuko yangu palepale. Bi Mwantumu akaenda kutupa maganda. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka, na mle ndani akaliona bada lake, unga wa muhogo alioutafuta mji mzima, na samaki wake wa nazi hajaguswa hata jicho.

Nilirudi kutoka dukani nikakuta sanduku liko wazi sebuleni. Anakunja kanga moja moja, analia kimya kimya. Mwanaidi amesimama kati yangu na mama yake.

"Mama anarudi Tanga," aliniambia. "Amekuta chakula chake jalalani. Cha siku tatu, Athumani! Mama wa watu anasimama jikoni kutwa, wewe unamtupia? Kama hukipendi si useme? Huyo ndiye mkwe asiye na mfano?"

Nitakuambia ukweli, na ukweli huu ndio unaonitia aibu kuliko yote. Kwa muda kidogo nilifikiria kusema samaki walizidi chumvi. Ningekubali kuitwa mkwe mbaya, mtovu wa adabu, kuliko kunyoosha mkono na kusema mimi ni mgonjwa. Kisha Bi Mwantumu akafunga sanduku, likagoma kufunga, akalikalia, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nikavua skafu.

"Sikitupi kwa kutokipenda, mama," nilisema. "Hakipiti."

Yule mama, ambaye tangu nimwoe mwanawe hajawahi kunikaribia hatua mbili, aliinuka, akaja, akaubonyeza uvimbe kwa vidole viwili.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Kumbe nilikuwa najisifia maiti."

Mwanaidi alikwenda bafuni, akafungua maji. Alipotoka macho yamevimba, na kwa siku tatu alinifanyia kila kitu, alinipigia simu za madaktari, alinipasia shati, bila kunitazama. Siku ya nne ndani ya gari akasema, "Umelala na mimi kitanda kimoja miezi saba. Vitani ulikuwa unanipigia simu kila Ijumaa. Nilijua zaidi habari zako ukiwa Iraki kuliko ukiwa ubavuni pangu."

Ilikuwa saratani ya koo. Daktari, mwanamke mfupi mwenye viatu vya michezo, hakuzunguka. "Hii inatibika," alisema. "Masharti ni mawili. Mionzi thelathini na tano, siku tano kwa wiki, bila kuruka, na dawa ya mshipani mara tatu katikati yake. La pili, usiache kula, kwa njia yoyote. Ukikonda kupita kiasi itabidi tusimame, na tukisimama yenyewe haisimami." Nikamwambia nimeshafanya safari tatu za miezi saba saba, wiki saba si kitu. Akatabasamu, yule daktari. Alishawaona wengi wa aina yangu.

Walinitengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, waliitandaza usoni ikiwa ya moto ikakauka kwa sura yangu. Siku ya mionzi unalala juu ya meza, wanakuvisha, wanaibana kwenye meza kwa vifungo. Kichwa hakigeuki, mdomo haufunguki. Siku ya kwanza nilitaka kuivunja. Iraki gari letu liliwahi kupinduka likaangukia mfereji, nikaning'inia kichwa chini ndani ya mikanda, maji yananifika kwenye nyusi, na nilichofanya mule ni kuita majina ya watu wangu mmoja mmoja mpaka wote tisa wakaitika. Basi juu ya ile meza nikafanya vilevile moyoni. Nilianza na Pruitt. Nikiyaita majina tisa polepole mara sita, mashine inanyamaza, na dada wa Kitamili anayeiendesha anaingia na kusema nimefanya vizuri. Kama umeambiwa utavaa barakoa, tafuta majina yako tisa.

Chumba cha kusubiri cha mionzi usikiogope. Watu ni walewale, saa ileile, wiki baada ya wiki. Nilimjua kila mtu kwa mashine yake. Jeshini tulisubiri ndege kwenye mabanda, bunduki mapajani, siku nzima, halafu anakuja mtu kusema ni kesho, na kila mtu anadai haogopi. Hapa hakuna aliyejifanya. Mzee mmoja Mreno, shingo nyekundu kama yangu, alinionyesha kwa vidole imebaki kumi na tisa, nami nikamwonyesha ishirini na tano, akashika kichwa, tukacheka bila sauti. Chai ya pale ni mbaya, lakini ya moto.

Wiki ya pili utamu uliondoka. Si hamu, ladha yenyewe. Sukari ikawa mchanga. Wiki ya tatu mdomo mzima ukawa kidonda, mate yakawa gundi, ndevu za kulia zikang'oka kwenye mto, za kushoto zikabaki, nikawa mtu nusu. Sauti nayo ikaenda. Mimi, niliyekuwa naita mtu upande wa pili wa uwanja wa gwaride bila spika! Nikawa nagonga meza. Zainabu, mwenye miaka tisa, alisikia Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu, na siku hizo hakujibu kwa lugha yoyote. Kinywa changu kilinuka. Alikuwa akipita mbio na kuziba pua, halafu namsikia analia chumbani kwa sababu ameziba pua. Nilimwandikia kwenye karatasi: ziba tu mwanangu, hata mimi ningeziba.

Wiki ya nne nikawekewa mrija tumboni, unapitisha maziwa ya kopo moja kwa moja. Makopo sita kwa siku. Mwanaidi alikuwa amemaliza ruhusa zote kiwandani, akarudi kazini zamu ya asubuhi, akanionyesha jinsi ya kujilisha. Nikajilisha. Yaani, nikajilisha matatu, kwa kuwa kila kopo lilinitia kichefuchefu, na matatu nikamwaga sinki. Ndiyo, tena! Mtu mzima, baba wa mtoto, na niliyoyaona nimeyaona. Jumatatu nikapanda mizani hospitali, na mizani ikanisema. Nilitoka kilo tisini na mbili, nikafika sitini na nne. Daktari alivua miwani. Akasema wiki ijayo nikipungua tena tutasimamisha mionzi.

Kesho yake saa tatu asubuhi, Mwanaidi yuko kazini, mlango wa chumba uligongwa. Akaingia Bi Mwantumu. Mkononi ana kopo na bomba la sindano, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kutwanga.

"Fungua shati," alisema.

Nikatikisa kichwa. Nikaandika: Mama, nitafanya mwenyewe.

"Ulifanya mwenyewe tukayaona. Fungua shati, mkwe."

Msiotoka kwetu hamwezi kujua uzito wa maneno yale. Mama mkwe anione tumbo! Bora ningevuliwa nguo mbele ya kikosi kizima. Nililikamata shati kwa mikono miwili. Yeye akakaa pembeni ya kitanda, akapumua.

"Kukuona tumbo ni aibu ya dakika kumi," alisema. "Kukuzika ni aibu ya maisha yangu yote. Nitawaambia nini Tanga, kwamba nilikuwemo nyumbani, chakula kimo, nikamwacha mkwe akafa njaa kwa kuwa mimi nina heshima? Mficha uchi hazai. Fungua."

Nikafungua. Mara ya kwanza alimimina huku ametazama dirishani, maziwa yakaingia kwenye zulia. Mara ya pili akageuka, akatazama mrija, akamimina taratibu, hakumwaga hata tone. Nililia. Sikuwahi kulia Iraki, wala Afghanistani, wala siku ya kuambiwa saratani. Yeye akajifanya anasoma maandishi ya kopo, na hajui kusoma Kiingereza.

"Wiki tatu za maziwa zimebaki," alisema akiinuka. "Tuombe Mungu usihesabiwe mwanangu wa kunyonya, utakuwa kaka wa mkeo, ndoa yako itavunjika."

Kicheko kiliniumiza koo mpaka nikashika ukuta. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa tumbo langu. Makopo sita, kila moja kwa saa yake, na la kwanza kabla hajamkaangia mjukuu yai. Nilipomwandikia kwamba kwetu jeshini mkubwa hula mwisho, alikisoma kikaratasi, akamgeukia Zainabu, akasema, "Mwambie baba yako humu ndani mkubwa ni mimi." Mizani ya Jumatatu iliyofuata haikupungua hata robo.

Lakini siku ya ishirini na saba nilikataa kwenda. Ngozi ya shingo ilikuwa imechunika, kola ya shati ikigusa naona nyota. Nje mvua ya barafu, mwezi wa nne lakini huku mwezi wa nne haujui kama umefika. Mwanaidi kazini na gari. Nikageukia ukutani. Nilijua kabisa nafanya nini: siku moja, halafu mbili, halafu basi. Nilikuwa nimewaona watu wanaokaa chini jangwani wakisema tangulieni, nitawafuata. Niliwanyanyua kwa kola. Sasa mimi sikuwa na kola ya kushikwa.

Bi Mwantumu alikuja mlangoni amevaa baibui, juu yake koti la Mwanaidi, miguuni viatu vyangu vya theluji.

"Twende."

Nikaandika: Mama huwezi, barafu, mabasi mawili na treni.

"Nimekuzalia mke, nitashindwa kukupandisha basi?"

Hajui Kiingereza hata cha kuulizia njia. Hajawahi kupita kituo cha treni cha Kipling bila Mwanaidi. Alisimama pale mlangoni, jasho linamtoka ndani ya koti lile, na nikaona kwamba kama sitainuka atakwenda peke yake, atapotea mji mzima, na atakuwa amepotea kwa ajili yangu. Nikainuka. Ndani ya basi alishika mkono wa koti langu njia nzima, akaniachia tulipofika mlango wa mashine. Nilipotoka nikamkuta katikati ya chumba cha kusubiri, amemsalimia kila mtu kwa Kiswahili, na yule mzee Mreno anamwonyesha kwa vidole: imebaki miwili kwake, minane kwangu.

Nilimaliza yote thelathini na tano. Hakuna niliyoiruka. Miti ya maua ya zambarau ilikuwa imechanua chini ya jengo letu na sikuweza kuinusa. Hapo niwaonye: wiki mbili baada ya kumaliza ni mbaya kuliko zote, hakuna aliyeniambia, nikadhani nimeharibika. Hujaharibika. Subiri. Wiki ya tano Bi Mwantumu alikoroga uji wa mchele laini, akauweka mbele yangu, na kijiko cha kwanza kikashuka. Hakikuwa na ladha yoyote. Nilikula bakuli zima, nusu saa, mezani, na yeye amekaa kiti cha pili ananihesabia vijiko.

Picha ya majibu ilipigwa kiangazi kikiisha. Tulikwenda wote wanne, Zainabu katikati. Yule daktari wa viatu vya michezo aliingia anatabasamu kabla ya kufunga mlango. Hakuna kitu, alisema. Safi. Mwanaidi alinipiga kofi la bega, kisha akaliegemea palepale alipopiga, na ndipo nikajua nimesamehewa. Bi Mwantumu alimuuliza Zainabu, "Kasemaje?" Zainabu akamjibu, akamshika bibi yake shingo, na daktari akatuachia chumba.

Sasa miaka imepita. Mate yangu ni machache, natembea na chupa ya maji kama mtalii. Sauti ilirudi ya kukwaruza, watoto wa jengo wananiita Mzee Redio. Pilipili sithubutu. Lakini nala, nafanya kazi, nagombana, na kila mwaka napigwa picha na inatoka safi. Watu wangu tisa niliwapigia wote, wako hai, na kila mmoja nilimwambia habari ya shingo, na kila mmoja alijifanya hasikii kwa sababu ya sauti yangu. Nikarudia mpaka wakasikia.

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Ila mwaka jana, Jumanne moja asubuhi, Mwanaidi kazini, Zainabu shuleni, Bi Mwantumu alikuja sebuleni akasimama mbele ya televisheni.

"Mkwe, zima hiyo."

Nikazima. Hakukaa. Alikuwa ameshavaa baibui, na mkoba begani.

"Nina kitu," alisema. Alishika upande wa kushoto wa kifua chake, juu ya titi, akautazama ukuta. "Hapa. Kigumu. Hakiumi. Mwanaidi sijamwambia. Nimeona nianze na wewe."

Mama huyu. Mbele ya mkwe wake wa kiume, mchana kweupe, anashika titi. Nilitafuta funguo za gari mfukoni, na zilikuwa mezani mbele yangu. Tulikwenda hatujapiga hata simu. Kliniki walisema tusubiri, tukasubiri, mimi kiti hiki, yeye kile, hatukuacha kiti katikati. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa kiume. Nikaona Bi Mwantumu ameikunja kanga mkononi, kisha akaikunjua. Mimi nikageukia ukutani, nikawa natafsiri huku nautazama.

"Muulize amekigundua lini," alisema daktari.

Nikamuuliza. Nyuma yangu nikamsikia anazihesabu siku.

"Jumamosi," alisema. "Leo siku ya nne."

Nikafungua mdomo nitafsiri, na sauti yangu hii mbovu ikagoma kutoka. Nilimwinulia daktari vidole vinne.